Nimefika Sura ya Tisa

"Nimefika sura ya tisa na simtaki tena huyu msichana."

Ujumbe huo ulitoka kwa msomaji wa miaka 16 katika kikundi chetu cha kusoma riwaya za vijana. Hakuongeza neno. Siku mbili baadaye akaandika tena: "Bado simtaki, ila namwonea huruma, na hilo linaniudhi." Wiki iliyofuata alikimaliza kitabu, nasi tukamwomba maoni yake kamili. Akakipa nyota nne, akaandika: "Kizuri sana, kinafundisha, nawashauri mkisome."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kwa kuwa yananisumbua. Katika ujumbe wa kwanza kuna mtu anayesoma. Katika wa pili mtu huyo anagombana na kitabu, na kitabu kinaelekea kumshinda. Katika wa tatu hayupo tena. Maneno yale yangeweza kuandikwa juu ya kitabu chochote, hata na mtu aliyesoma jalada la nyuma peke yake. Lakini ni huo wa tatu tuliouita maoni. Ile miwili ya kwanza tuliichukua kuwa soga za njiani.

Naamini tumelishika jambo hili kinyume. Wasomaji wa riwaya za vijana wanapoelezana wanavyoviona vitabu vyao, lenye thamani kubwa ni lile wanalolisema kitabu kikiwa bado wazi mkononi, mwisho haujajulikana. Hukumu ya baada ya ukurasa wa mwisho ina kazi yake; humsaidia mwenzako kuamua atafute kitabu au akiache. Ila kwa riwaya za aina hii, hukumu hiyo hufuta sehemu kubwa ya yale mwandishi aliyoyahangaikia.

Sababu iko katika jinsi riwaya hizi zinavyoundwa. Riwaya haiwi ya vijana kwa kuwa tu mhusika mkuu ana miaka 15 au 17. Ziko riwaya nyingi za watu wazima zinazosimulia utoto na ujana, na hakuna anayeziweka rafu moja na hizi. Tofauti ni mahali aliposimama msimulizi. Katika zile za watu wazima, anayesimulia kwa kawaida ameshavuka mto na anatuelezea mkondo ulivyokuwa akiwa ng'ambo, nguo zimeshakauka. Katika riwaya ya vijana msimulizi yumo majini. Hajui kina. Anatwambia anavyohisi maji, basi.

Kiswahili huionyesha tofauti hii kwa silabi moja. Msimulizi akisema "nikafungua mlango, nikamwona", ile -ka- inatuhakikishia kwamba yeye anaujua mfululizo wote. Jambo limeshapita, limeshapata mahali pake baada ya lililotangulia na kabla ya lililofuata. Akisema "nafungua mlango, namwona", hatujui linalokuja, na yeye hajui. Suzanne Collins alipotoa The Hunger Games mwaka 2008, aliisimulia riwaya yote katika nafsi ya kwanza na wakati uliopo. Hadithi ni ya vijana wanaotakiwa kuuana hadi abaki mmoja, na msomaji hana hata ile dhamana ndogo ya kawaida kwamba anayesimulia lazima amepona, maana yupo anasimulia. Riwaya nyingi za vijana zilizofuata zimesimuliwa kwa namna hiyo.

Sasa fikiria maana yake kwa anayesoma. Msimulizi akimwamini rafiki mbaya, nawe unamwamini, au unamshuku na unabaki na wasiwasi huo peke yako. Msimulizi akikosea, kosa linatendeka mbele yako, kabla hujapewa sababu ya kulisamehe. Hali hiyo ya kutojua ni sehemu ya kazi ya sanaa, kama ilivyo giza katika ukumbi wa sinema. Nayo hudumu muda ule wa kusoma tu. Ukishamaliza, kumbukumbu huanza kupanga nyumba: "Nilijua tangu mwanzo yule kaka atatoroka." Hukujua. Sura ya nne uliandika kwamba unampenda kuliko wote.

Louise Rosenblatt, mwalimu wa fasihi wa Marekani, aliligusa jambo hili mapema sana, katika kitabu alichokitoa mwaka 1938. Alisema kazi ya fasihi haimo katika karatasi peke yake wala katika kichwa cha msomaji peke yake. Hutokea pale viwili hivyo vinapokutana. Miaka 40 baadaye, mwaka 1978, alitenganisha namna mbili za kusoma. Kuna kusoma ili ubebe kitu uondoke nacho, kama unavyosoma maelekezo ya dawa. Na kuna kusoma ili uyaishi yanayotokea ndani yako wakati ule ule unaosoma. Nikimsikia kijana akisema "kinafundisha", najua amenipa jibu la namna ya kwanza kwa kitabu alichokisoma kwa namna ya pili. Wala simlaumu. Tangu alipoanza kujibu maswali ya fasihi ameulizwa dhamira, ujumbe, maudhui na fani, na amejifunza kwamba mtu mzima akiuliza "umekionaje kitabu?", anachotaka ni funzo. Basi anampa funzo.

Vijana wenyewe wakiwa wao kwa wao hawasemi hivyo. Wanasema "inaboa". Wanasema "imenikata stimu". Wanasema "sikulala", na kusifu kwao hukomea hapo. Nimewahi kuwasikia walimu wakilalamika kwamba haya si maoni, ni kelele. Mimi nayaona kuwa mwanzo wa maoni, tena mwanzo mzuri kuliko "mwandishi amefanikiwa kuibua dhamira mbalimbali", kwa sababu "imenikata stimu" ina mahali. Stimu ilikuwapo, ikakatika. Ilikatika wapi? Mtu akiulizwa hivyo hufungua kitabu na kutafuta ukurasa, na mara nyingi akiupata anashangaa mwenyewe. Msomaji mmoja aliyetwambia riwaya yake "inaboa kuanzia katikati" aliirudia mbele yetu, akagundua kwamba uchovu wake ulianza katika sura ambayo msimulizi aliacha kutaka kitu. Mpaka hapo binti yule wa kwenye hadithi alikuwa akitafuta njia ya kurudi shule. Kuanzia hapo mambo yakawa yanamtokea tu. Huo ni uhakiki wa msuko, na umezaliwa na neno "inaboa".

Namna ya kuuliza ndiyo yenye kazi. Mwaka 1993 Aidan Chambers, mwandishi Mwingereza ambaye naye ameandika riwaya za vijana, alitoa kitabu kidogo kuhusu jinsi ya kuzungumza na watoto na vijana juu ya wanachosoma. Kiini chake kinaweza kuelezwa kwa sentensi moja: acha kuuliza "kwa nini", sema "niambie". Kijana akisema amekipenda kitabu, ukimrukia na "kwa nini?" anahisi yuko kizimbani, anajitetea au ananyamaza. Ukimwambia "hebu niambie ulichokipenda", anaanza kusimulia. Maswali ya msingi ya Chambers ni manne: kuna ulichokipenda, kuna ambacho hukukipenda, kuna kilichokutatiza, kuna ulichokiona kikijirudia au kuhusiana na kingine? Katika kikundi chetu swali la tatu ndilo lenye mavuno makubwa. Kusema "sikuelewa" kunahitaji ujasiri mtu akiwa ameshamaliza kitabu, kwa kuwa kunafanana na kushindwa. Akiwa sura ya tisa, kutoelewa ni haki yake.

Liko jambo lingine linalofanya maoni ya njiani yawe ya lazima, nalo linatuhusu sisi watu wazima. Tumejaa humu. Kampuni ya Marekani ya takwimu za vitabu, Bowker, ilitangaza mwaka 2012 kwamba asilimia 55 ya walionunua vitabu vya vijana walikuwa na umri wa miaka 18 au zaidi, na kundi la miaka 30 hadi 44 peke yake lilibeba asilimia 28 ya mauzo. Wengi wao walisema wananunua ili wasome wenyewe. Mimi ni mmoja wa watu hao na siombi radhi kwa hilo. Riwaya nzuri ya vijana ina uharaka ambao siupati kwingine. Ila lazima tukubali tunasoma tukiwa ng'ambo ile ya mto. Tunamwona msimulizi anakanyaga pasipo mawe nasi tunapiga kelele ukingoni.

Ilitokea hivyo kwa kitabu kile kile cha sura ya tisa. Msimulizi, yule msichana, anajua kaka yake ametoroka nyumbani, na mama anapouliza, anamdanganya: amelala kwa rafiki yake, atarudi kesho. Mama mmoja wa kikundi chetu, mwenye miaka arobaini na kitu, alikereka waziwazi. "Angemwambia mama yake," alisema, "kitabu kingeisha hapo hapo." Tulicheka, kwa sababu ni kweli. Ni lawama inayozistahili riwaya nyingi za vijana: mgogoro mzima unasimama juu ya mtu mmoja kutosema sentensi moja. Kisha kijana wa kiume, aliyekuwa kimya tangu tuanze, akasema: "Samahani, mama. Angemwambia mama yake, kaka yake asingemwamini tena maisha yake yote." Mama yule alimtazama kwa muda. "Sikuliwaza hilo, mwanangu," akasema.

Hapo hakuna aliyekuwa na kosa. Mmoja aliuona uongo kuwa kasoro ya msuko, mwingine akauona kuwa bei ya uaminifu, na kitabu kimeandikwa ili yote mawili yaweze kuonekana. Kinachonitia shaka ni hiki: kama tungesubiri kila mtu amalize, ndipo tukusanye nyota, yule mama angetoa tatu, kijana angetoa tano, wastani ungekuwa nne, na hakuna ambaye angejua kwamba kuna sura ya tisa. Na kwa kuwa watu wazima ndio wepesi wa kuandika maoni marefu yenye mpangilio, sauti ya yule kijana ingezama kabisa, juu ya kitabu alichoandikiwa yeye.

Hili si dogo, maana vijana wenyewe ndio walioifikisha fasihi hii hapa ilipo. Mwaka 1967 S. E. Hinton alichapishiwa The Outsiders akiwa na miaka 18, baada ya kuanza kuiandika akiwa na 15. Aliiandika kwa sababu hakupata kitabu kilichosema ukweli juu ya vijana aliowajua. Wachapishaji walimshauri atumie herufi za kwanza za majina yake ili wahakiki wanaume wasikipuuze kitabu kwa kujua ni cha msichana. Vijana wakakipokezana mkono kwa mkono. Miaka ilipita, na mwaka 1980 mkutubi wa shule moja ya California alimwandikia barua Francis Ford Coppola, ikiwa na saini za wanafunzi waliotaka kitabu hicho kifanywe filamu, tena wamemchagua wao mwongozaji. Filamu ikatoka mwaka 1983. Hawakutuma uchambuzi wa dhamira. Walitaka kitabu walichokipenda kipewe uzito, wakasema hivyo, wakasikilizwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Robert Cormier, mwandishi Mmarekani wa riwaya za vijana. Katika I Am the Cheese, riwaya aliyoitoa mwaka 1977, mhusika mkuu anampigia simu rafiki yake wa kike, na nambari inatajwa. Cormier aliweka nambari ya simu ya nyumbani kwake. Vijana wakapiga. Wakapiga kwa miaka mingi, naye akawa anapokea na kuzungumza nao. Nikiwawazia waliopiga, nawaona wengi wao kitabu kikiwa wazi kwenye ukurasa ule, kidole kikishikilia mstari. Huwezi kupata maoni ya msomaji yaliyo karibu na kusoma kwenyewe kuliko hayo, na mwandishi huyo, aliyejulikana kwa miisho yenye giza na kwa kutokubali kuilainisha, hakuyaona kuwa usumbufu.

Leo vyombo vya kufanya hivyo tunavyo tele. Goodreads, mtandao wa wasomaji wa vitabu ulioanza mwaka 2007, huwapa wasomaji nafasi ya kuandika wamefika ukurasa gani na wanaonaje, na mtindo huo umeenea kila mahali watu wanapozungumzia vitabu. Ila kinachobaki juu, kinachoonekana kwanza na kukumbukwa, ni ule wastani wa nyota. Tena nyota hizo zinaweza kutolewa na mtu ambaye hajafungua kitabu. Mwanzoni mwa mwaka 2019 Amélie Wen Zhao, mwandishi aliyekuwa anangoja kutoa riwaya yake ya kwanza ya vijana, aliahirisha kuchapishwa kwake baada ya lawama kali mtandaoni kuhusu jinsi ilivyouonyesha utumwa. Baadhi ya waliolaumu walikuwa wamesoma nakala za awali. Wengi walikuwa wamesoma maneno ya wenzao. Kitabu kilitoka Novemba mwaka huo huo, baada ya mwandishi kukipitia upya. Sidai kwamba lawama zote zilikuwa batili. Namna ya kuandika utumwa ni swali zito na msomaji ana haki ya kuliuliza hata kwa ukali. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho na naona ni cha msingi: kila maoni yaanze na pale mtu alipofika. "Nimesoma sura tatu." "Nimeishia katikati, sirudi." "Sijasoma, nimesikia." Maneno mawili au matatu tu yangetosha kubadilisha mazungumzo yote yale.

Najua pingamizi litakalokuja. Ukizungumza kitabu kikiwa katikati, utawavujishia wengine. Hofu hii ni kubwa mno kwa wasomaji wa riwaya za vijana, hasa zile za mfululizo, na mimi naiheshimu kuliko baadhi ya watafiti wanavyoiheshimu. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi 12, wengine wakiwa wameambiwa mwisho na wengine hawakuambiwa. Kwa jumla walioambiwa walizifurahia zaidi. Utafiti huo hutajwa sana kama ruhusa ya kusema lolote. Lakini hadithi fupi unaimaliza kwa kikao kimoja, na riwaya ya kurasa 350 unaishi nayo wiki nzima, unalala nayo bila kujua. Kumwondolea mtu huko kutojua ni kumhamisha kutoka majini kumpeleka ng'ambo kabla hajavuka.

Ndiyo maana maoni ya njiani yana faida hata hapa: anayeyatoa naye hajui. Hana cha kuvujisha zaidi ya sura aliyofika. Akitanguliza namba ya sura, aliye nyuma anapita bila kusoma, aliye mbele anasoma kwa tabasamu la mtu anayejua, na walio sawa naye wanajibu. Ninayemwogopa ni aliyemaliza na anataka kuonekana amemaliza.

Wako pia wanaosema kwamba maoni ya katikati hayana haki kwa mwandishi, kwa kuwa hajapewa nafasi ya kumaliza anachosema. Lingekuwa kweli kama maoni hayo yangedai kuwa hukumu. Mwandishi wa riwaya za vijana anajua vizuri kwamba msomaji wake anaweza kuondoka wakati wowote, ndiyo maana sura zake ni fupi na nyingi zinaishia pale pumzi inaposhikwa. Nadhani angetoa mengi ili ajue ni ukurasa gani pumzi ilishikwa kweli, na ni upi msomaji alifunga kitabu akaenda zake.

Yule msomaji wetu sasa ana miaka 18. Majuzi alikichukua tena kitabu kile, bila kuombwa, na jioni moja ukaingia ujumbe wake: "Nimefika tena sura ya tisa. Safari hii nimemkasirikia mama. Anajua anadanganywa na anakaa kimya, tazameni anavyokunja ile shati ya kaka. Mara ya kwanza sikumwona kabisa kwenye kile chumba."

Tulikwenda kutazama. Shati ipo, mistari miwili, chini ya ukurasa.